Kupanda Hamsini na Saba peke yako kwa pikipiki

Ukisimama Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa, ukageuza uso kusini, unaona ukuta wa mlima. Njia inayoupanda kwenda Matamba, wilayani Makete, inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na jina halitanii. Chini ni joto la mashamba ya mpunga, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Juu ni viazi mviringo, pareto na masweta, zaidi ya mita 2,000, na ukiendelea hadi uwanda wa Kitulo unafika karibu mita 2,600.

Pikipiki ya cc 125 au 150 inapanda pale bila kunung'unika sana. Boxer na TVS za bodaboda zinafanya kazi hiyo zikiwa na abiria na gunia juu. Mtu anayekwenda peke yake mara nyingi hukwamishwa na kusimama: anasimama katikati ya mwinuko akashindwa kuondoka, anasimama mahali pabaya mbele ya lori, au wakati wa kushuka anataka kusimama na breki hazimsikii. Kwa hiyo maelezo haya yanakaa zaidi kwenye kusimama kuliko kwenye kwenda.

Msimu na saa

Kuanzia Juni hadi Oktoba njia ni kavu. Vumbi ni jingi, lakini tairi linashika. Juni na Julai juu kuna baridi ya kuganda, na alfajiri nyasi za uwandani huwa na barafu nyembamba. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine hadi Mei. Bahati mbaya maua ya Kitulo, yale yanayofanya watu waiite Bustani ya Mungu, huchanua wakati huohuo wa matope. Anayefuata maua akubali kwamba huenda akafika Chimala, akatazama juu, akarudi Mbeya.

Ondoka Mbeya saa 12 asubuhi. Hadi Chimala ni kama kilomita 80 za lami, lakini unazipita katikati ya malori ya Zambia na Kongo, kwa hiyo hesabu saa mbili. Kwenye miteremko ya Mlima Nyoka na Inyala usikae kati ya malori mawili: ama mpite la mbele pale unapoona mbali, ama mwache la nyuma lipite. Kuanza kupanda saa 3 asubuhi ni vizuri, kwa sababu ukungu umeanza kuinuka na umande umekauka. Weka pia saa ya kugeuza. Ikifika saa 8 mchana, popote ulipo, unaanza kurudi. Mvua za huko hupenda alasiri, na kushuka kona zile gizani na taa ya pikipiki ndogo hakufai kabisa.

Maandalizi ya pikipiki, siku mbili kabla

Fanya kazi hii siku mbili kabla ili upate muda wa kuijaribu mjini. Breki shuu mpya, kwa mfano, zinahitaji kilomita kadhaa za kuzoeana na hab, yaani kitovu cha gurudumu zinamobana, kabla hazijakamata sawasawa. Ukizifunga leo usiku na kupanda kesho asubuhi, utashuka na breki zinazoshika nusu.

Anza na breki hizohizo. Kwenye bamba la hab kuna kimshale. Ukikanyaga breki kikafika mwisho wa alama, shuu zimekwisha. Pedali ya nyuma iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla haijakamata. Inua gurudumu ulizungushe kwa mkono: lizunguke huru bila kusugua, kwa sababu shuu inayosugua muda wote inapata moto kabla hata hujaanza kushuka. Shuu zilizong'aa kama kioo zipige msasa kidogo, na usivute vumbi lake.

Klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono. Ikikazwa mno, sahani hazibanani kikamilifu. Barabara ya tambarare haitakuonyesha kosa hilo. Kwenye mwinuko utasikia injini inapiga kelele na pikipiki haisogei, kisha harufu ya kuungua.

Cheni ilegee milimita 25 hadi 35 ukiipima katikati, upande wa chini, mahali inapokaza zaidi ukizungusha gurudumu. Ikazwe zaidi ya hapo na kila shimo litavuta beringi na sproketi. Wengine hubadilisha sproketi ya mbele na kuweka yenye jino moja pungufu, kutoka 14 hadi 13. Unapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa karibu asilimia 8, na unapoteza mwendo kiasi hichohicho kwenye lami. Kwa mtu mmoja asiye na mzigo si lazima.

Tairi: kashata, yaani meno ya tairi, ziwe wazi, hasa la nyuma. Kipimo cha kawaida kwa Boxer na nyingi za jamii yake ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Kwa lami weka upepo PSI 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako. Ukifika Chimala unaweza kushusha hadi 22 na 25 kwa ajili ya changarawe. Usiende chini zaidi ya hapo. Tairi lenye tyubu likiwa laini mno, jiwe linaibana tyubu kwenye rimu na kutoboa matundu mawili kama ya meno ya nyoka, au tairi linazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Tundu la valvu halizibiki kwa kiraka.

Oili ipimwe pikipiki ikiwa wima, si kwenye stendi ya pembeni, na ifike juu ya alama. Injini hizi zinapozwa na upepo, na kwenye gia ya kwanza mlimani upepo ni haba, kwa hiyo oili ndiyo inayobeba joto.

Kabureta na hewa nyepesi

Injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua wakati kabureta inaendelea kumimina petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito: plagi inapata masizi, injini inakohoa, moshi unakuwa mweusi kidogo. Fundi mwenye mkono mwepesi atakushauri kupandisha klipu ya sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano ishuke na mafuta yapungue. Kwa safari ya siku moja, kataa. Mbeya yenyewe iko karibu mita 1,700, na pikipiki yako imezoea hewa ya hapo. Ukiirekebisha kwa ajili ya Kitulo, utakaporudi bondeni itakuwa na mafuta kidogo mno, na hilo linachoma pistoni. Safisha filta ya hewa, hakikisha choki inafunguka yote, beba plagi ya akiba. Inatosha.

Kuna skrubu moja tu ya kugusa: ile inayopandisha muungurumo wa injini ukiwa umeachia akseleta. Izungushe nusu duara upande wa kukaza ukiwa Chimala, ili injini isizime ukiachia akseleta ndani ya kona. Jioni irudishe.

Vya kubeba, na wapi pa kuvifunga

Tyubu moja ya akiba, viraka, solusheni, msasa, pampu ya mkono na vyuma viwili vya kutolea tairi. Spana zinazofungua nati za ekseli zote mbili za pikipiki yako, ulizokwisha kuzijaribu nyumbani, kwa sababu fundi wa mjini huenda aliikaza nati kwa bomba refu. Spana ya plagi, plaizi, bisibisi, waya mwembamba, na ukanda mrefu wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Waya wa akiba wa klachi ni vizuri ukiulaza kabisa kando ya ule wa zamani na kuufunga, ukikatika unahamisha ncha tu. Kiungo kimoja cha cheni na klipu yake: upande wa klipu uliozibwa utazame mwendo wa cheni, upande wenye mwanya ubaki nyuma. Wengi huifunga kinyume, nayo huchomoka.

Mzigo wote usizidi kilo 10, na vyuma vikae mbele, kwenye begi juu ya tangi. Kwenye mwinuko mkali uzito wote unahamia nyuma. Ukiongeza gunia kwenye keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaacha kukusikiliza.

Nguo ni jambo la kuhesabu. Kila mita 1,000 zinaondoa nyuzi 6 hivi za joto, na upepo wa mwendo unaongeza baridi yake. Ukitoka Chimala unatokwa jasho, Matamba vidole vimekufa ganzi, na kidole chenye ganzi kinachelewa kwenye breki. Jaketi zito la mtumba, glovu, viatu vinavyofunika kifundo, koti la mvua hata kiangazi. Gazeti chini ya jaketi bado linafanya kazi. Kioo cha helmeti kipakwe sabuni ya mche ikiwa kavu, kisha kifutwe kwa kitambaa hadi king'ae: hakitaingia ukungu wa pumzi.

Leseni ya daraja A1 inaishia cc 125. Ya cc 150 inahitaji daraja A.

Chimala

Jaza tangi hapa. Petroli ya chupa utaiona huko juu, lakini huwezi kujua imechanganywa na nini. Kisha nenda kijiwe cha bodaboda, salimia, na uliza maswali matatu: "Kaka, njia ya juu leo ikoje? Mvua ilinyesha jana? Malori ya viazi yameshashuka?" Majibu yao yana thamani kuliko ramani yoyote ya simu, maana hali ya njia hubadilika kwa msimu na kwa matengenezo. Mwachie mmoja wao, au mwenye mgahawa, jina lako, namba yako na saa utakayorudi. Mtandao wa simu unakuja na kupotea kati ya kona, kwa hiyo mtu wa nyumbani naye ajue: nisipopiga kufikia saa 12 jioni, mpigie fulani wa Chimala.

Kupanda

Gia ya kwanza au ya pili, akseleta iliyotulia, mwili umesogea mbele kwenye tangi. Badilisha gia kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Ukiingia kona na gia ya pili ikaonekana nzito, umeshachelewa: ukibonyeza klachi, mwendo wote unakufa kwa nusu sekunde na unabaki unaning'inia.

Tunaendesha kushoto, na kona zinapogeuka hapa na pale, hali yako inabadilika kila moja. Kona inayokunja kulia ni pana kwako na mwinuko wake ni mpole. Inayokunja kushoto ndiyo ngumu, kwa kuwa uko upande wa ndani, ambako njia inapanda ghafla na ambako magurudumu ya malori yamechimba na kukusanya mawe. Usiikumbatie pembe ya ndani. Piga honi mapema, sikiliza, kisha pita karibu na katikati ya njia, macho yakitazama pale unapotaka kutokea. Ukitazama jiwe, utaligonga.

Lori linaloshuka na viazi haliwezi kukaa upande wake ndani ya kona, linachukua njia nzima. Kanuni za kumpisha anayepanda zisahau. Ukisikia breki zake au mlio wa injini inayoshikilia gia, simama kabla ya kona, upande wa ukuta wa mlima hata kama ni kulia kwako, mradi uwe nje ya mzunguko wake na dereva akuone. Ukingo wa korongoni ni udongo uliomwagwa, na tairi likipanda juu yake unaweza kumeguka.

Matawi ya miti yaliyopangwa barabarani yanamaanisha gari limeharibika mbele. Mawe makubwa katikati ya njia, bila gari, yanamaanisha lilikuwa hapo jana: utingo aliyaweka nyuma ya matairi na hakuna aliyeyaondoa. Yatarajie mara tu baada ya kona, kwani hapo ndipo magari hushindwa.

Kila baada ya kona kumi au kumi na tano tafuta mahali pana na pa tambarare upumzike dakika 5. Elekeza pua ya pikipiki kwenye upepo. Injini ikianza kugonga kama mtu anapigapiga chupa, au ikalegea bila sababu, imepata moto: subiri dakika 20 na usiimwagie maji. Silinda iliyopoozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Ukisimama katikati ya mwinuko

Injini imezima, pikipiki inataka kurudi nyuma. Mkono wa kulia utabana breki ya mbele kwa woga, lakini uzito uko nyuma, gurudumu la mbele linateleza tu kwenye changarawe. Achia klachi huku gia ya kwanza ikiwa imeingia: injini iliyozima ndiyo breki yako ya kuegesha. Kisha kanyaga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, mguu wa kushoto chini, upande wa mlima ikiwezekana. Ikiwa inakushinda, ilaze polepole upande wa mlima. Indiketa iliyovunjika ni bei ndogo.

Kuondoka tena: mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, washa, ongeza akseleta kiasi, achia klachi hadi usikie sehemu ya nyuma inakaa chini kidogo, ndipo uachie breki. Likizunguka gurudumu bila kusogea, usiongeze mafuta, unachimba kaburi lake. Rudi nyuma mita moja au mbili ukitumia klachi na gia kama breki, kwa mshazari, halafu jaribu kwenye mstari mwingine. Mara tatu zikishindikana, acha klachi ipoe. Sahani zilizoungua hazitengenezeki barabarani.

Pikipiki ikianguka, funga koki ya mafuta kwanza. Ukishainua, iache wima dakika mbili tatu, kisha piga kiki mara kadhaa akseleta ikiwa wazi yote na choki imefunguka, maana petroli imefurika ndani.

Pancha hutengenezwa kwenye kona pana tu, hata kama itakubidi kusukuma. Ukiwa na tyubu ya akiba, badilisha. Kiraka kifanyie kazi baadaye ukiwa umetulia. Kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi lote kutafuta mwiba, na si vidole vitupu. Ipe tyubu upepo kidogo ichukue umbo ndipo uiingize, isibanwe na chuma. Kiraka nacho kinataka subira: solusheni ikauke kama dakika 5, ising'ae tena, kabla hujabandika.

Matope

Udongo ukilowa unajaza kashata na tairi linakuwa kama limepakwa mafuta. Jua la saa moja au mbili linaweza kubadilisha njia kabisa, kwa hiyo kusubiri kibandani ukinywa chai ni mbinu halali. Chokoa kwa kijiti matope yanayojaa kati ya tairi na madigadi, yanaweza kulifunga gurudumu la mbele likaacha kuzunguka ghafla. Mvua ikikukuta ukiwa juu na mawingu yakaendelea kukaa, lala Matamba.

Juu

Matamba utapata chakula na pa kulala. Kutoka hapo njia inaendelea kuelekea Kitulo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Uliza watu wa hifadhi Matamba ni wapi pikipiki inaruhusiwa kupita na kwa masharti gani kabla hujapita geti lolote. Ipo pia njia ya kuzunguka kupitia uwandani na Kikondo hadi Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, kisha Uyole. Ni nzuri, ila ni ndefu na baridi yake haina mchezo. Kwa mara ya kwanza rudi ulikotoka, kwenye kona ulizokwisha kuziona.

Kushuka

Jaribu breki zote mbili kabla ya kona ya kwanza, kwenye tambarare. Shuka kwa gia uliyopandia, ya kwanza au ya pili, na injini ikishikilia. Tabia ya kuachia frii au kuzima injini ili kuokoa mafuta iache kwenye miteremko mifupi ya mjini: hapa breki shuu zitafanya kazi peke yake kwa kona 57, na hab ikipata moto shuu zinateleza badala ya kushika. Dalili ni pedali kuzama zaidi kuliko asubuhi, kisha harufu. Simama, dakika 15 hadi 20, bila maji.

Punguza mwendo gurudumu likiwa limenyooka, kabla ya kona. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, nayo itumie kwa vidole viwili, kwa kubana taratibu, na uiachie kabla hujakata usukani. Kwenye changarawe, breki ya mbele pamoja na usukani uliokatwa ni kuanguka kwa hakika. Breki zikikataa kabisa, shusha gia hadi ya kwanza na uelekeze pikipiki kwenye ukuta wa mlima au mtaro wa ndani ukiwa bado na mwendo mdogo. Usingoje kona ijayo.

Ukifika Chimala kaza boliti za keria na za sailensa, tazama spoki, rudisha upepo 25 na 28, rudisha ile skrubu ya muungurumo. Futa taa ya mbele na ya nyuma, maana zimejaa vumbi. Mbeya iko juu kuliko Chimala kwa mita 600 hivi, kwa hiyo kutoka Inyala hadi Uyole utapanda tena, jioni, nyuma ya malori yanayotoa moshi, na dereva aliye nyuma yako anategemea ile taa nyekundu tu kujua kwamba upo.